Pesa za Waya Ziende Juu ya Paa

Madishi ya Mombasa hulala chali. Yale ya Ulaya husimama wima yakitazama upeo wa macho, lakini ya kwetu hutazama juu, kwa sababu kisiwa chetu kiko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta na karibu nyuzi 40 mashariki. Setilaiti iliyoko nyuzi 36 mashariki, ambayo DStv imeitegemea kwa miaka mingi, iko karibu na utosi wetu, zaidi ya kilomita 35,000 angani. Dishi likilala hivyo, mvua huliingia, majani makavu huliingia, na matundu ya LNB, lile jicho la mbele, hulala ubavu badala ya kutazama chini. Maji hupata njia. Na mtaani kwetu Mbaraki hata penye ukavu pana chumvi, kwa kuwa upepo wa kusi hutoka baharini na kupita juu ya mapaa yetu kabla haujafika popote.

Mambo haya nilionyeshwa na ami yangu, nikiwa mvulana wa shule ninayembebea ngazi na mfuko wa vyombo. Tulikuwa tumepanga katika nyumba ya gorofa nyuma ya magodauni, na paa lake lilikuwa la saruji, bapa, lenye tangi za maji na kamba za kuanikia nguo. Kutoka pale uliona korongo za gati upande mmoja, na upande wa pili vilele vya mibuyu ya ufuo wa Mama Ngina. Kabla madishi hayajaenea, ami alikuwa fundi wa redio za vyombo vya baharini: matishari, mashua za kuvulia, na vyombo vingine vidogo vilivyofunga gati karibu nasi. Kwa fundi wa namna hiyo waya ndio kazi yenyewe. Redio yaweza kuwa mpya na ya bei kubwa, lakini ikiwa waya unaokwenda kwenye antena umeliwa na chumvi, nahodha huita na hasikiki. “Chumvi hii haina haraka, mwanangu,” alikuwa akiniambia, “lakini hailali.”

Kwa miaka niliyofuatana naye, na mingine niliyoifanya kazi hiyo peke yangu jioni na siku za mapumziko, nimeona jambo moja likijirudia nyumba kwa nyumba. Watu wa mji huu hutoa pesa nyingi kwa ajili ya waya usiozihitaji, ule mfupi wa nyuma ya televisheni, kisha huufanyia ubahili ule mrefu unaopigwa na jua na chumvi mchana na usiku. Picha ikiharibika, lawama huiangukia televisheni, na televisheni nzuri hutupwa.

Bi mkubwa mmoja, jirani yetu, alikuwa na risiva ya chaneli za bure, zile za Kiarabu zisizolipiwa. Alichotaka yeye ni Makka tu. Miguu ilikuwa imemshinda, msikitini hafiki, na kila usiku wa Ramadhani alikaa mbele ya televisheni kufuata tarawehe kutoka Msikiti Mtukufu. Makka na Mombasa saa zao ni zilezile, kwa hiyo hakuhitaji kufanya hesabu yoyote. Saa yake ya ukutani ndiyo iliyokuwa saa ya Haram. Mwezi wa Shaabani mwaka mmoja, chaneli ile ikatoweka, na nyingine kadhaa pamoja nayo, ilhali zilizobaki zilikuwa safi kabisa. Kijana wake akaenda dukani, akaambiwa risiva imekufa, na kwa kuwa vyombo vyote ni vya zamani, afadhali achukue risiva na televisheni kwa pamoja, alipe kidogo kidogo.

“Shikamoo, bi,” ami alimwamkia alipofungua mlango.

“Marahaba, baba. Njoo unitazamie. Wasema yataka kununuliwa nyingine, na mimi sina nguvu ya deni.”

“Zilizopotea ni zote, au nusu?”

“Nusu. Kama kwamba kuna mtu amezichagua.”

Ami hakuigusa televisheni. Alichukua mita yake akapanda juu.

Risiva huipelekea LNB umeme kupitia waya uleule unaoteremsha picha. Ikitaka chaneli zinazorushwa kwa mawimbi ya wima, hupeleka takriban volti 13. Ikitaka za mlalo, takriban volti 18. LNB haina njia nyingine ya kujua inaombwa nini. Hupima volti inayoipata, basi. Waya ukichakaa, au kichwa chake kikiingia kutu, zile 18 zinazotoka ukumbini hupungua njiani, na zikifika juu zimekuwa 14 LNB hudhani imeombwa za wima. Hapo chaneli za mlalo hupotea zote kwa pamoja, na za wima hubaki ziking’ara. Mwenye nyumba hushangaa, lakini kwa fundi anayejua kazi yake hakuna dalili iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Konekta ya juu ilipofunguliwa ilikuwa imejaa unga wa kijani, na uti wa waya umeliwa ukawa mwembamba. Ami akakata shubiri moja, akachuna, ndani kungali kijani. Akakata nyingine. Nyuzi za suka inayouzunguka uti zilikuwa nyeusi kama masizi. Akaamua waya wote ushushwe. Tuliweka mpya, konekta mpya pande zote mbili, na Makka ikarudi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Risiva iliyodaiwa kuwa imekufa iliendelea kufanya kazi kwa miaka.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kwa sababu ya lile deni ambalo nusura liingie nyumbani mwa mtu asiyelihitaji. Aliyemwambia kijana yule kwamba risiva imekufa hakupanda juu, hakupima, hata hakuuliza swali lile moja la ami. Mtu mzima aliyefungwa na miguu yake, ambaye dirisha lake la dunia ni kioo kile, anastahili fundi anayeuliza.

Basi waya wa juu ni upi? Ule mafundi wanaouita RG6, wa omu 75. Ukipewa ule mwembamba, RG59, unaotumika zaidi kwa kamera za ulinzi, urudishe. Mawimbi yanayoteremka kutoka LNB ni ya kati ya megahezi 950 na 2150, juu zaidi ya yale ya antena ya kawaida, na waya mwembamba huyapoteza njiani. Lakini hata RG6 zenyewe hazilingani. Nyingi zinazouzwa kwa rola zina uti wa chuma uliopakwa shaba kwa juu. Kwa picha peke yake hilo si baya sana, maana mawimbi ya kiwango hicho hupita kwenye ngozi ya uti, na ngozi ni shaba. Tatizo ni zile volti za kwenda juu. Huo ni umeme unaopita katika uti mzima, na chuma huupinga zaidi kuliko shaba inavyoupinga. Katika mita kumi hutaona tofauti. Kutoka paa la gorofa ya nne hadi ukumbi wa chini utaiona. Tena ngozi ile ikikwaruzwa kwa kisu wakati wa kuchuna, chuma hubaki wazi, na chuma kilicho wazi Mbaraki hakimalizi msimu.

Kuutambua ni rahisi. Nenda dukani na sumaku ndogo, hata ile inayobandikwa kwenye mlango wa friji. Sumaku ikinasa uti, ni chuma. Isiponasa, si chuma, na huenda ni shaba tupu. Halafu tazama suka: zikiwa nyuzi chache zilizotawanyika juu ya karatasi ya fedha, acha; zikiwa zimesukana kiasi cha kuificha karatasi ile, chukua. Na kwa juu ya paa chukua wenye gamba jeusi, kwa sababu gamba jeupe la ndani ya nyumba hupasuka upesi likipigwa na jua letu.

Ami alikuwa na desturi zake za baharini, na mimi sijapata kuona sababu ya kuziacha. Konekta iwe ni ya kubanwa kwa koleo lake, si ile ya kuzungushwa kwa vidole, kwa sababu hiyo hulegea. Ndani ya konekta hutiwa grisi kidogo ya silikoni, kisha kiungo chote huzongwa kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake, kama mtu anayeezeka makuti. Kabla ya waya kuingia kwenye kiungo au kwenye ukuta, huachiwa kitanzi kinachoning’inia chini, ili maji yanayofuata waya yadondokee hapo yasiendelee mbele. Na kona haikunjwi kwa nguvu. Waya huu una kipimo chake kati ya uti na suka, ukikivunja kwa kuukunja, waya umekwisha, hata kama gamba halionyeshi.

Sasa tuteremke ukumbini.

Hapa siku hizi jibu ni HDMI, na ni jibu jema. Ulitangazwa mwaka 2002 na kundi la kampuni zikiwemo Hitachi, Philips, Sony na Toshiba. Una pini 19, na hubeba picha na sauti pamoja. Kwa kuwa kinachopita ndani yake ni cha kidijitali, waya wa bei ya juu hauwezi kuongeza rangi wala kunoa nyuso za wachezaji. Picha ikifika, imefika kama ilivyotumwa. Waya mbovu hujitangaza wenyewe: vimulimuli vyeupe, kioo kuwa cheusi kwa sekunde kisha kurudi, sauti kukatika. Ikiwa huoni hayo, waya wako ni mzima, na yeyote anayekuuzia mwingine wa bei mara tano ili “picha ikolee” anakuuzia pakiti. Dekoda nyingi za nyumba zetu hutoa picha ya 720p au 1080i, na hata HDMI ya toleo la kwanza kabisa ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa picha hiyo. Maandishi ya 4K na 8K ni ya mashine nyingine. Dhahabu kwenye pini ina faida yake pwani, kwa sababu haishiki kutu, ila si kila kilicho na rangi ya dhahabu kimepakwa dhahabu.

Kinachohitaji uangalifu kwenye HDMI ni urefu na uzito. Mita moja na nusu inatosha kati ya dekoda na televisheni iliyo juu yake. Ukipita mita kumi, waya wa kawaida huanza kushindwa. Televisheni ikiwa imetundikwa ukutani, waya mnene mgumu huvuta tundu kwenda chini siku zote, na tundu likilegea ni bodi nzima kufunguliwa. Chagua mwembamba unaokunjika. Na zima vyombo vyote viwili kwenye swichi ya ukutani kabla ya kuchomeka; nimeona matundu mengi zaidi ya HDMI yaliyouawa kwa kuchomekwa stima ikiwaka kuliko yaliyokufa kwa uzee.

Lakini si kila nyumba ina HDMI pande zote. Mwanzoni mwa 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa nchini Kenya, na Citizen, NTV na KTN zikawa kimya kwa majuma kadhaa, watu wengi wa Mbaraki na Majengo walinunua dekoda kwa mara ya kwanza, za antena na za dishi, huku televisheni zao zikiwa zile za kichogo. Hapo kazi ilikuwa ya waya wa AV wenye vichwa vitatu: manjano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Ni waya wa kizamani, picha yake haina ukali, maana mwangaza na rangi hupitishwa pamoja katika uzi mmoja. Kwa kioo cha inchi 21, hata hivyo, picha hiyo inatosha, na sikuwahi kumshauri mtu aitupe televisheni ya kichogo iliyo nzima kwa sababu hiyo.

Ugumu huja pale televisheni inapokuwa na matundu matano. Kijani, buluu na nyekundu ni ya picha iliyogawanywa, iliyo bora zaidi. Nyeupe na nyekundu nyingine ni ya sauti. Nyekundu ziko mbili, na vichwa vyote vinaingia popote. Bi mkubwa yule yule, kijana wake alipopata kumnunulia televisheni bapa miaka baadaye, bila mkopo, mjukuu ndiye aliyeiunganisha na ile risiva ya zamani. Alipokosa mahali pa kichwa cha manjano akakichomeka penye kijani. Picha ikaja, sauti ikaja, wote wakashukuru. Ilikuwa siku za Hija. Kaaba ni nyeusi, mahujaji wamevaa nyeupe, basi hakuna aliyeona kasoro. Bi mkubwa ndiye aliyesogea mbele ya kioo akauliza, “Dhahabu ya kiswa iko wapi?” Televisheni ilikuwa ikionyesha picha isiyo na rangi, kwa sababu tundu la kijani husoma mwangaza tu. Tulipolipata tundu la kichwa kile cha manjano tukakihamishia hapo, maandishi ya dhahabu yakarudi kwenye mkanda wa kiswa, lile vazi la Kaaba, naye akarudi kwenye kiti chake.

Kwa faida ya msomaji: nyaya za namna hii ndani yake ni sawa, rangi ni za kusaidia macho. Uliokatika wa manjano unaweza kuazima wa kijani, mradi uingie tundu sahihi pande zote mbili.

Liko jambo moja katika maduka yetu linaloniudhi, na nitalisema wazi. Kunauzwa waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili, bila kisanduku chochote katikati. Mtu mwenye dekoda mpya na televisheni ya zamani huuona akadhani amepata daraja. Ukiuchomeka kwenye dekoda ya kawaida hauonyeshi kitu, wala hautaonyesha kamwe, kwa sababu lugha ya kidijitali haigeuki kuwa ya analojia kwa kupita ndani ya waya mtupu. Kinachohitajika ni kigeuzi, kisanduku kidogo chenye umeme wake, mara nyingi wa volti 5 kutoka waya wa USB. Na kigeuzi kina upande: cha HDMI kwenda AV si cha AV kwenda HDMI, ingawa vyafanana kama pacha na vimewekwa rafu moja. Soma neno lililoandikwa penye tundu la kuingilia kabla ya kulipa. Mara nyingi, tena, kigeuzi hakihitajiki kabisa, kwa kuwa dekoda yenyewe ina tundu la AV mgongoni.

SCART nisiiache bila neno, maana ndugu wa Uingereza wamekuwa wakituletea televisheni zenye tundu hilo pana la pini 21. Tafuta kichwa chake chenye matundu matatu ya rangi na kiswichi cha kuingiza na kutoa, kiweke kwenye kuingiza, basi.

Na anayetaka picha ifike chumba cha nyuma kwa mzee aliye kitandani, asihangaike na HDMI ndefu. Dekoda yake ikiwa na tundu la RF, avute RG6 ya pili kutoka hapo hadi televisheni ya chumbani, aitafute picha kama alivyokuwa akitafuta stesheni zamani. Ukali utapungua na sauti itakuwa ya spika moja, lakini mita ishirini au thelathini si kitu kwa waya huo, na mgonjwa atatazama wanachotazama wenzake ukumbini.

Ninayoyataka kwa mafundi vijana wa kisiwa hiki ni machache. Wabebe mita, wapande juu kwanza, na wakimaliza wamwachie mwenye nyumba karatasi inayosema waya ni wa aina gani na umewekwa lini. Kwa wewe unayenunua: kabla hujatoka nyumbani, piga picha kwa simu mgongo wa televisheni na mgongo wa risiva, pima kwa kamba urefu wa kutoka dishi hadi ukumbini, na utie sumaku mfukoni. Muuzaji akikwambia ununue televisheni mpya kabla hajakuuliza waya wako wa juu una umri gani, mshukuru, kisha nenda duka la pili.